Sweta Thelathini kwa Mteja Nisiyeweza Kumtaja Jina

Bi Roza wa ukurasa wa ushauri, shikamoo. Nakuomba kabla hujaanza kunicheka unisome mpaka mwisho, halafu ndiyo ucheke, maana mimi mwenyewe nimeshacheka na kulia na sasa nimebaki nakodoa macho tu, na Jumapili ijayo mama mkwe anarudi hapa kutaka jibu na mimi jibu sina.

Naitwa Ikupa, naishi Uyole hapa Mbeya, nina miaka ishirini na saba na watoto wawili, mume wangu Yotamu ni fundi seremala, na mimi kazi yangu ni kufuma sweta za watoto kwa sindano na uzi wa sufu. Mwaka jana nikapata akili ambayo niliiona ni akili, nikaweka tangazo dogo katika gazeti, mistari mitatu, kwamba nafuma sweta imara na napeleka popote nchini, mteja aniandikie kwa sanduku la posta la kanisa letu. Yotamu alicheka akasema kumuuzia mtu usiyemwona ni sawa na kuuzia upepo, mimi nikamwambia yeye abaki na meza zake. Zikaja barua tatu, watu watatu wakanunua, wote watatu wakalipa, basi Bi Roza, kichwa kikanivimba, nikawa nakwenda posta nimevaa viatu vya kanisani, na mtu akiniita mfanyabiashara naitika, ingawa siku hizi jina hilo si la sifa sana, watu wakilisikia wanafikiria mlanguzi.

Barua ya nne ilitoka Kihesa, Iringa. Mwandiko mzuri, adabu nyingi, anataka sweta mbili za kujaribia, na hela ametanguliza kwa hawala ya fedha. Nikashuka na macho mpaka kwenye sahihi nisome jina la mteja wangu, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu jina lake lilikuwa ni lile lile la baba mkwe wangu.

Wewe si wa kwetu, kwa hiyo nikueleze kidogo. Sisi Wanyakyusa, mke hamwangalii baba mkwe wake, hamsemeshi, hapiti njia moja naye, na jina lake halitoki kinywani mwake hata kwa bahati mbaya. Nimeolewa miaka sita na baba mkwe wangu namjua viatu tu. Akishuka kutoka kwake Isongole kuja kumwona mwanawe mimi natokea mlango wa nyuma naenda kukaa kwenye migomba mpaka aondoke, na kama ana neno kwangu analituma kwa mama mkwe, na mimi langu narudisha kwa njia hiyo hiyo. Hata kliniki, nesi akiniuliza majina yote matatu ya mtoto, mawili nayasema, la tatu namsogezea kadi asome mwenyewe. Nakuandikia hapa na mkono unakataa kuliandika, kwa hiyo usilitafute katika barua hii, halimo.

Sasa mteja ana jina hilo na mimi natakiwa kuandika anwani juu ya kifurushi. Unajua nilifanya nini? Nilichukua mkasi nikalikata jina nyuma ya bahasha aliyoniletea yeye mwenyewe, nikalibandika kwenye kifurushi kwa uji wa mtoto, na nikajipongeza kwa ujanja. Barua zake nikawa namwanzia "Baba Mheshimiwa." Sikumwandikia bei moja kwa moja, niliona haya, niliandika tu kwamba uzi umepanda kidogo. Barua yenyewe sikuweza kuitia katika kikapu cha vitunguu wala chini ya godoro, niliiweka juu ya kabati mahali pa heshima, karibu na Biblia.

Baada ya mwezi akaandika tena. Zile mbili zimewapendeza sana, yeye ni msimamizi wa watoto wadogo wanaolelewa mchana pale Kihesa, na kabla ya baridi ya Juni anataka sweta thelathini. Thelathini, Bi Roza. Nilikaa chini nikaisoma mara nne. Uzi wa sweta thelathini nisingeupata hata ningeuza vyungu vyangu vyote, nikamwambia mama mkwe kwamba nimepata oda kubwa ya Iringa ila mtaji ndiyo hivyo. Mama mkwe akapanda Isongole akamwambia mzee, na wiki iliyofuata akashuka na hela zimefungwa katika pindo la khanga. Mzee alikuwa ameuza ndama wake jike, na alimtuma maneno haya: "Mwambie mkwe wangu ana mikono, asikose uzi."

Nikafuma miezi miwili. Nilifuma nikisonga ugali, nilifuma kwenye foleni ya sukari, nilifuma kanisani wakati wa matangazo mpaka mzee wa kanisa akanitazama vibaya. Zikatimia zote, kijani na nyeupe. Ndipo ikaja barua ya tatu kutoka kwa Baba Mheshimiwa wa Kihesa, na ndani yake risiti ya posta yenye mhuri, kwamba hela yote ameshaituma kwa hawala, itafika siku yoyote, ila kwa kuwa watoto wanaanza kukohoa nisingoje, niwape watu wa basi la Jumatano mzigo na yeye ataupokea stendi ya Iringa.

Nikaenda posta kwanza, usinione mjinga kabisa. Nilimuuliza karani kama hawala yangu kutoka Iringa imefika. Karani akauliza, imetumwa na nani? Nikasema na mtu wa Iringa. Akasema mama, Iringa wako wengi, huyu wako anaitwa nani? Nikasimama. Nyuma yangu foleni inaguna, karani ameshika kalamu ananingoja, na mimi ulimi umelala. Mwenye akili angempa barua asome, lakini barua ilikuwa juu ya kabati mahali pa heshima, na basi linaondoka saa sita. Nikamwambia karani basi, nitarudi. Njiani nikajituliza kwamba mtu mwenye jina kama lile hawezi kuwa mwizi, na kwamba kumuulizauliza ni kama kumshuku baba mkwe mwenyewe. Nikafika nyumbani, nikakata jina kwenye ile barua ya tatu, nikabandika kwa uji, nikampa kondakta mzigo, na nikamwomba aushike vizuri.

Mwezi wa tano ukapita, wa sita ukapita. Hawala haikuja. Nikaandika barua ya upole, kimya. Nikaandika ya upole zaidi, ikarudi imeandikwa kwamba mtu huyo hajulikani katika sanduku hilo. Ile risiti nilipoiangalia juani, mhuri wake ulikuwa umepakwapakwa wino tu, hauna tarehe wala mji.

Jirani yangu Lusia ni Mbena wa Njombe, na jina lolote lililo mbele yake analitaja. Tangu mwanzo aliniuliza mteja wangu anaitwa nani, mimi nikamjibu ana jina refu. Juzi amekuja kuazima chumvi, akaona barua juu ya kabati, akaichukua, akasoma sahihi kwa sauti, mimi nikaziba masikio. Akasema, "Huyu wa Kihesa? Huyu si ndiye aliyemla shemeji yangu wa Kalenga vikapu ishirini, kwa risiti ya uongo? Ikupa, mbona hukuniambia jina?"

Bi Roza, hebu fikiria. Jina moja tu, ningelisema mara moja kwa Lusia mwezi wa pili, leo ningekuwa na ndama wa watu. Lusia anasema twende polisi, lakini polisi wataniuliza nimeibiwa na nani, na mahakamani wataniuliza tena, na mimi nitasimama pale kama nilivyosimama posta. Yotamu hajui, namwambia hela iko njiani. Mama mkwe nilimwambia mteja atalipa baada ya mavuno, mavuno yamepita. Jumapili iliyopita alishuka, akaniambia mzee hana haraka na hela, anauliza tu kama sweta ziliwaenea watoto, maana kanisani Isongole anawaambia wenzake kwamba mkwe wake ndiye anayewavisha watoto wa Iringa, na yeye mwenyewe anayasema hayo amevaa lile koti lake la zamani la jeshi lililopasuka viwiko vyote viwili, na baridi ya Isongole mwezi huu wa saba unaijua. Akasema atarudi Jumapili ijayo kuchukua jibu.

Nimeshaandaa majibu mawili. La kwanza, kwamba panya waliingia wakala sweta. La pili, kwamba basi liliungua moto njiani na mzigo ukateketea, watu wote wakapona. Naomba unichagulie moja ambalo mzee atalikubali bila kuumia, kwa sababu kumwambia kwamba ndama wake nimempa mwizi kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kuwa nilishindwa kusema jina lake yeye, hilo siliwezi. Uzi uliobaki ni mabunda kumi ya kijani, nimeyafungia sandukuni, sitaki hata kuyaona.

Ni mimi niliyejiita mfanyabiashara,
Ikupa, Uyole.

*

JIBU LA BI ROZA

Ikupa, marahaba. Nilijitahidi kungoja mpaka mwisho, nikashindwa kwenye mkasi na uji, nikacheka mpaka mhariri akafungua mlango kuuliza kuna nini. Sasa nimemaliza, kaa vizuri tuongee.

Usidhani nakucheka kwa sababu mimi ni mjanja. Mimi huyu ninayeshauri taifa zima niliwahi kuagiza viatu kwa tangazo la gazeti, nikatuma hela, vikaja viwili vizuri vyekundu, vyote vya mguu wa kushoto. Na kwa kiburi nikavivaa kwenye harusi ya mdogo wangu, na wote waliokuwepo walidhani nimepatwa na ugonjwa wa nyonga. Kwa hiyo pole, na pole yangu ni ya kweli.

Tuanze na uongo wako. Mimi sikai dukani nauza uongo, na hata ningekuwa nauza, hizo bidhaa zako mbili nisingezipokea. Panya gani hao wanaokula sweta thelathini? Na hilo basi lililoungua, mzee atawauliza wasafiri wa kwanza watakaopanda Isongole, na kabla ya jioni atajua hakuna basi lililoungua. Utakuwa umempotezea ndama halafu umemfanya mjinga mbele ya wenzake wa kanisani. Achana nazo zote mbili leo hii.

Sasa nikugombeze. Umeandika barua ndefu ukisukumia mila kila kosa, na mimi mila yenu naiheshimu, kwetu nako mkwe ni mkwe. Lakini kliniki unajua kumsogezea nesi kadi asome. Njia ya kulikwepa jina na kazi ikafanyika unaifahamu miaka yote. Kwa nini posta ulisahau? Nitakuambia kwa nini. Ulikuwa hutaki kuuliza. Ulikuwa umeshajiona umewavisha watoto wa Iringa, umeshavaa viatu vya kanisani, na ukaogopa karani asije akakujibu kwamba hakuna kitu. Haya ya jina ilikufaa siku ile, ukajificha nyuma yake kama unavyojificha kwenye migomba. Mwizi wa Kihesa hakujua habari za mkwe wako. Jina lilikuwa bahati yake tu, kazi nyingine yote uliifanya wewe.

Na ninyi wengine mnaouza kwa barua na mnaosoma hapa mkitabasamu, msitabasamu sana. Kwenye meza yangu nina barua ya mwenye asali, ya mwenye vikapu na ya mwenye mbegu za viazi, wote wamelizwa kwa njia hii hii. Mteja anaanza na kidogo, analipa vizuri ili umwamini, halafu anakuja na oda ya kukutoa roho na haraka ya ajabu, mara watoto wanakohoa, mara basi linaondoka. Risiti anayokutumia mteja ni karatasi yake, hela ni ile uliyohesabiwa na karani mkononi mwako. Oda ikiwa kubwa, chukua nusu kabla hujashika sindano, na nusu iliyobaki uione kabla mzigo haujatoka mlangoni. Au peleka kwa posta, kwa utaratibu ule wa kulipa ndipo anapewa kifurushi. Mteja mwenye nia njema hatakasirika, na mwenye kukasirika umeshamjua.

Ikupa, polisi nenda. Nenda na Lusia, huyo mwanamke ana mdomo, na mwaka huu mdomo wake ungekuokoa. Mpe askari ile barua ya juu ya kabati asome mwenyewe. Ile risiti bandia pia, na barua iliyorudi. Huyo shemeji wa Kalenga naye aende kwa polisi wa kwao Iringa, malalamiko mawili yana uzito kuliko moja. Mkifika mahakamani, karani atasoma jina na wewe utasema ndiye, kazi imekwisha. Mimi hapa gazetini jina sitaliandika hata ukinitumia, kwa sababu liko kwa mzee mmoja wa Isongole ambaye hana kosa, na kanisani kwake gazeti hili linasomwa. Sweta usizihesabu kama zitarudi. Usiku wa leo mwambie Yotamu kabla polisi hawajamwambia. Atasema habari za upepo, mwache aseme, alikuwa na haki.

Sasa tuje kwa mzee. Mimi ni mtoto wa wafugaji, baba yangu alihamia Usangu akiswaga ng'ombe kutoka kaskazini, na nimekua naona watu wanavyoachana na ndama jike. Mtu hauzi ndama jike kwa mchezo. Anauza maziwa ya kesho na ng'ombe wa kesho kutwa. Mzee huyu alimuuza ndama wake kwa ajili ya mwanamke ambaye hajawahi kumwona uso, hajawahi kusikia sauti yake, anamjua kwa kuambiwa tu. Miaka sita ninyi wawili mmeongea kwa mdomo wa mama mkwe, na kwa miaka sita mdomo huo ulibeba maneno ya kweli kwenda na kurudi, mpaka mwaka huu wewe ulipoupa uongo wa mavuno. Hilo ndilo deni lako kubwa, na ndilo unaloweza kulilipa Jumapili hii hii. Mila ilikukataza kusema jina lake, haikukukataza kumpelekea ukweli. Mama mkwe akifika mkalishe, mpe chai, mwambie yote kama ulivyoniandikia mimi, pamoja na uji. Acha acheke. Akipanda mlimani akamweleza mzee, sehemu ile ya mkasi hatairuka, na sidhani kama mzee atamaliza kukasirika kabla hajaanza kucheka.

Lakini kuna jambo umeniandikia na hukuliona, na mimi nimelisoma nikaweka kalamu chini. Umefuma sweta thelathini kwa ajili ya mtu wa Kihesa usiyemjua, na aliyeuza ndama ili ufume amekaa Isongole mwezi wa saba na koti lililotoboka viwiko. Hakuomba hata moja. Alituma kuuliza tu kama ziliwaenea watoto.

Mabunda kumi ya kijani yanatosha mtu mzima, tena mwembamba wa uzee. Yatoe sandukuni. Kumtazama huwezi, kumpima huwezi, kwa hiyo Jumapili mpe mama mkwe kipande cha kamba ampime kifua na mikono, afunge fundo kila kipimo, akuletee. Anza kufuma siku hiyo hiyo, na viwiko uvifume mara mbili. Na kwenye daftari lako la oda, pale mahali pa jina la mteja, acha wazi.